Utangulizi wa falsafa kwa mtandao: namna ya kuisoma kozi bila kuishia kusimulia

Wengi wanaoichukua kozi ya utangulizi wa falsafa hawakuitafuta. Digrii ya uuguzi au uhasibu inadai somo moja la nje ya fani, zamu za kazi haziruhusu kukaa darasani, na kwenye orodha ya masomo ya mtandaoni falsafa inaonekana nyepesi: haina maabara, haina hesabu, kusoma ni kurasa kumi tu kwa wiki. Jaribio la kwanza hupita vizuri. Insha ya kwanza inarudi na C, na pembeni mhadhiri ameandika: umesimulia, hukuchambua.

Kosa lilianza mapema, kwenye kusoma. Aliyezoea historia au biolojia humsoma Plato akikusanya taarifa: nani alisema nini, mwaka gani. Kozi hii inalipima hilo kidogo sana. Inachopima ni kama unaweza kuikamata hoja moja, ukaipanga dai kwa dai, ukaonyesha dai lipi linayumba. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kazi hiyo. Mfano wake ni kozi ya krediti 3 ya chuo cha Marekani, inayochukuliwa na wasemaji wa Kiswahili walioko huko na baadhi ya walioko nyumbani. Anayesoma kwingine abadilishe tarehe na namba, kazi yenyewe ni ile ile.

Kabla ya kulipa

Angalia namba ya kozi, usitosheke na jina. Vyuo vya umma vya Texas vina namba za pamoja: PHIL 1301 ni Utangulizi wa Falsafa, PHIL 2306 ni Utangulizi wa Maadili. Florida, utangulizi ni PHI 2010. Namba ya pamoja ndiyo inayokurahisishia kuhamisha krediti kutoka chuo cha miaka miwili kwenda chuo kikuu. Ukitaka kuhamia jimbo lingine, kiandikie chuo unachokiendea, ubandike maelezo ya kozi, upate jibu kwa maandishi. Jibu la simu halina mwenyewe.

Mwenye viza ya mwanafunzi wa kigeni, F-1, ana kikwazo chake: kwa kila muhula, kozi moja tu ya mtandaoni, yaani krediti 3, ndiyo inayohesabiwa kwenye mzigo wa mwanafunzi wa muda wote. Ukichukua mbili ukidhani zote zinahesabiwa, unaweza kujikuta chini ya kiwango bila kujua. Zungumza na ofisa wa wanafunzi wa kigeni kabla ya kujisajili.

Halafu urefu wa kozi. Hesabu ya krediti huko ni hii: kwa kila krediti, saa 1 ya darasa na angalau saa 2 za kujisomea kila wiki, kwa wiki 15 hivi. Krediti 3 ni saa 9 kwa wiki, jumla saa 135. Kozi ya wiki 8 haipunguzi kitu, inazibana saa zile zile ziwe karibu 17 kwa wiki. Mtu mwenye zamu za saa kumi na mbili hospitalini aiogope kozi ya wiki 8 hata kama inaonekana kumaliza mapema, maana falsafa hailimbikizwi. Hoja usiyoielewa Jumanne hailazimiki kueleweka Jumamosi kwa sababu tu umekaa nayo saa tisa mfululizo.

Vitabu visikutoe jasho. OpenStax walitoa kitabu kizima cha utangulizi wa falsafa mwaka 2022, ni bure, unakipakua kama PDF ukakisoma bila bando. Plato katika tafsiri ya Benjamin Jowett yuko Project Gutenberg, ingawa Kiingereza chake ni cha karne ya 19. Kwa Descartes, Hume na wenzao kuna tovuti ya Early Modern Texts, ambako Jonathan Bennett ameyaandika upya maandishi hayo kwa Kiingereza chepesi. Itumie kuelewa, lakini usinukuu humo ukisema ni maneno ya Descartes; maneno ni ya Bennett. Stanford Encyclopedia of Philosophy, iliyo hewani tangu 1995, ni ya kuaminika na ni bure, ila makala zake nyingi zinamlenga mtu aliyekwisha kuanza. Soma utangulizi wa makala na kipengele kimoja unachokihitaji, kisha ufunge. Anayeanza kumsoma Descartes kupitia makala ya huko kurasa arobaini humaliza akijua mabishano ya wasomi juu ya Descartes bila kumjua Descartes.

Siku ya kwanza: saa

Shughulika na tarehe za mwisho kabla ya kusoma neno hata moja. Kazi nyingi hufungwa saa 11:59 PM, nayo hiyo ni saa 5:59 usiku kwa hesabu yetu. Wapo waliosoma "11:59" Kiswahili-Kiswahili wakadhani wana hadi alfajiri.

Ukiwa Dar es Salaam au Nairobi na chuo kiko upande wa New York, Jumapili saa 11:59 PM huangukia Jumatatu saa 12:59 asubuhi wakati wa kiangazi chao, na saa 1:59 asubuhi wakati wa baridi. Chuo cha California ni saa 3:59 asubuhi, kisha 4:59. Ukiwa Muscat, Oman, ongeza saa moja. Marekani hubadilisha saa Jumapili ya kwanza ya Novemba na ya pili ya Machi, katikati ya muhula. Kwenye Canvas, mfumo wa masomo unaotumiwa na vyuo vingi, ingia mipangilio ya akaunti, weka ukanda wa saa wa mahali ulipo, na tarehe zote zitajigeuza zenyewe.

Saa 9 za wiki zinagawika hivi, na mgawanyo huu unafaa kuanza nao: saa 3 na nusu za kusoma, 1 na nusu ya video, 1 na nusu ya kuipanga hoja kwenye daftari, 1 ya kuandika mchango wako wa mjadala, nusu saa ya kuwajibu wenzako, na 1 ya jaribio au insha. Watu wengi hugeuza: saa nne za video na dakika arobaini za kusoma. Video inampa mtu hisia ya kuelewa, kwa sababu mhadhiri ndiye aliyefanya kazi ya kuipanga hoja. Soma kwanza, video baadaye, na uiangalie ukiwa na mpango wako wa hoja mkononi ili uone ulipopishana naye. Kama bando ni la shida, pakua manukuu ya maandishi. Mhadhara wa dakika 20 ni kurasa chache tu.

Kusoma mara tatu

Mara ya kwanza, dakika 20 hadi 30 bila kalamu. Unatafuta kitu kimoja tu: anataka nikubali nini? Liandike jibu hilo kwa sentensi moja ya Kiswahili. Usiendelee hadi uwe nayo, hata kama utaifuta baadaye.

Mara ya pili, na kalamu. Weka herufi pembeni: H kwa hitimisho, S kwa sababu, P kwa pingamizi, J kwa jibu la pingamizi, M kwa mfano. Ukurasa wenye M nne na H moja unakuambia sehemu kubwa ni mapambo. Ukurasa wenye S tatu mfululizo ndio wa kulala nao. Hapa ndipo utajiuliza pia swali linalowaponza wanafunzi kuliko mengine yote: nani anayesema? Mwanafalsafa huweka maneno ya mpinzani wake kwa ukurasa mzima, na kwa nguvu zote, kabla ya kuyajibu. Hume, katika mazungumzo yake juu ya dini yaliyochapishwa 1779, ana wasemaji wakuu watatu: Cleanthes, Philo na Demea. Ukiandika "Hume anasema ulimwengu ni kama mashine, kwa hiyo una mbuni wake", umempa Hume maneno ya Cleanthes, ambayo Philo anatumia sehemu kubwa ya kitabu kuyabomoa. Vivyo hivyo Descartes: pepo mdanganyifu wa Tafakuri ya Kwanza, sehemu ya kwanza ya kitabu chake cha Tafakuri, ni chombo cha kupimia shaka. Hakuna mahali anaposema anamwamini.

Mara ya tatu hurudii kila kitu. Rudi kwenye zile S tu, uzihamishie kwenye daftari kwa namba.

Kuipanga hoja: mfano mmoja kwa ukaribu

Kozi nyingi huanza na Euthyphro ya Plato, kwa kuwa ni fupi na hoja yake kuu iko sehemu moja. Socrates, anayekwenda kujibu mashtaka (atauawa 399 KK), anakutana na Euthyphro mbele ya ofisi ya hakimu. Euthyphro anamshtaki baba yake mwenyewe. Kibarua wao kule Naxos alikuwa amemuua mtumwa wa nyumbani; baba akamfunga kamba, akamtupa mtaroni, akatuma mtu Athens kuuliza afanyeje, na kabla ya jibu kurudi kibarua akafa kwa njaa na baridi. Euthyphro ana hakika kwamba kumshtaki baba ni tendo takatifu. Socrates anamwomba amweleze utakatifu ni nini hasa, na baada ya kuzunguka kidogo jibu linakuwa: kitakatifu ni kile kinachopendwa na miungu yote. Ndipo linapokuja swali la 10a (namba ya kunukulia Plato, maelezo yake yako kwenye sehemu ya insha): miungu inakipenda kwa sababu ni kitakatifu, au ni kitakatifu kwa sababu inakipenda?

Mistari inayofuata, kuhusu kubeba na kubebwa, inawatesa wanaosoma kwa Kiingereza kwa sababu sentensi zinafanana mno. Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa: kauli ya kutendwa inafanya kazi yote. Kibebwacho ni kibebwacho kwa sababu kuna anayekibeba. Hakuna mtu anayekibeba kwa sababu tayari ni kibebwacho. Soma 10b na 10c kwa sauti ukitumia -w- ya kutendwa, na mwelekeo wa "kwa sababu" utauona wazi. Sasa ipange:

1. Kitakatifu kinapendwa na miungu kwa sababu ni kitakatifu. (10d)
2. Kipendwacho na miungu ni kipendwacho kwa sababu miungu inakipenda; haikipendi kwa sababu ni kipendwacho. (10d–e)
3. Kama kitakatifu na kipendwacho vingekuwa kitu kimoja, tungeweza kuweka jina moja mahali pa lingine bila kuharibu ukweli.
4. Tukiweka katika dai la 1, tunapata: kipendwacho kinapendwa kwa sababu ni kipendwacho. Dai la 2 limekwisha kulikataa hilo.
5. Kwa hiyo si kitu kimoja. (11a)

Angalia dai la 3. Socrates halitamki peke yake namna hiyo. Limejificha ndani ya hatua anayoipiga. Kulitoa mafichoni ndiyo alama ya A, kwa sababu hapo ndipo msomaji mkali atashika: je, majina mawili ya kitu kimoja hubadilishana hata ndani ya maelezo ya "kwa sababu"? Na dai la 1 Euthyphro amelikubali bila kupigania. Anayeamini kwamba jema ni jema kwa kuwa Mungu ameliamuru angekataa papo hapo, na hoja yote isingeondoka kituoni. Msomaji aliyepita madrasa atatambua kwamba swali hili lina ndugu: Mu'tazila na Ash'ari, mikondo miwili ya theolojia ya Kiislamu, walibishana kama akili inaweza kuujua wema na ubaya wa tendo kabla ya amri. Ulinganisho huo ni mada nzuri ya insha, ukiomba ruhusa ya mhadhiri kwanza.

Kosa la kawaida kwenye sehemu hii ni kuandika kwamba Socrates amethibitisha kuwa maadili hayatoki kwa Mungu. Hakuthibitisha hilo. Ameonyesha kwamba "kipendwacho na miungu" hakielezi utakatifu ni nini. Kwa maneno yake ya 11a, amepewa sifa inayoupata utakatifu, hakupewa asili yake. Hitimisho lako lisipite uzito wa madai yaliyolibeba.

Mantiki, na viambishi -ki- na -sipo-

Moduli ya mantiki kwa kawaida ni ya wiki moja au mbili, na ndiyo yenye alama za kuokota. Maneno mawili ya Kiingereza lazima uyatenganishe. Hoja iliyo "valid" ni ile ambayo madai yake yakiwa kweli, hitimisho haliwezi kuwa uongo. Hapo hatujauliza kama madai ni kweli. Ikiongezewa kwamba madai yote ni kweli, inakuwa "sound", yaani thabiti. Kifaa cha kutafsiri kisichojua muktadha kinaweza kukupa "sauti" hapo, na ukurasa mzima ukaharibika.

Kuijaribu hoja, ishike umbo lake ubadilishe maudhui hadi madai yawe kweli waziwazi na hitimisho uongo waziwazi. "Mvua kubwa ikinyesha, barabara ya Jangwani hufungwa. Leo imefungwa. Kwa hiyo mvua kubwa imenyesha." Inasikika sawa kwa mkazi wa Dar. Badilisha: "Akiwa samaki, anaogelea. Bata anaogelea. Kwa hiyo bata ni samaki." Umbo ni lile lile, na limekufa.

Sharti ndilo linalokamata wengi. "Ukisoma utafaulu" inasema kusoma kunatosha. "Usiposoma hutafaulu" inasema kusoma kunahitajika, bila kuahidi kwamba kunatosha. Mtaani tunasikia moja tukachukua na nyingine, na muuzaji akisema "ukileta hela utapata mzigo" kila mtu anajua usipoleta hupati. Kwenye jaribio usifanye hivyo. Kila ukikuta "if" pekee, igeuze kuwa -ki-; kila ukikuta "only if", igeuze kuwa -sipo-. "P only if Q" ni: Q isipokuwepo, P haipo. Ukiyaandika hivyo pembeni ya swali, nusu ya mitego inatoweka.

Maneno ya kuchunga

Kupanga mawazo kwa Kiswahili kunasaidia, lakini maneno machache yatakuvuta pembeni.

"Nafikiri" kwetu mara nyingi ni "nadhani", yaani sina hakika. Kwa Descartes kufikiri ni jina la mambo mengi: kutilia shaka, kukubali, kutaka, kuona picha akilini, hata kuhisi. Ukisoma kauli yake maarufu, "nafikiri, kwa hiyo nipo", kama "nadhani, kwa hiyo nipo" unaikosa kabisa. Isitoshe, kauli hiyo kwa umbo hilo haimo ndani ya Tafakuri za 1641. Imo katika kitabu chake cha 1637 na tena 1644. Tafakuri ya Pili inasema kwamba "mimi nipo" ni kweli kila ninapoitamka au kuiwaza. Wanafunzi huinukuu vibaya kila muhula.

Akili, nafsi na roho si maneno matatu ya kitu kimoja, na "mind" haikai vizuri ndani ya lolote. Chagua "akili" au "nafsi", eleza mara moja kwenye daftari unachomaanisha, usibadilishe katikati. "Kujua" nako kunabeba mizigo mitatu: najua kwamba Dodoma ni makao makuu, najua kuogelea, namjua jirani. Mjadala wa maarifa kwenye kozi, pamoja na makala ya Edmund Gettier ya 1963 yenye kurasa tatu tu, unahusu ule wa kwanza. Ukileta mfano wa kuogelea umetoka nje ya uwanja.

Kiswahili pia kina mlango wake ndani ya falsafa ya kitaaluma. John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno "sasa" na "zamani" kama istilahi za wakati. Alexis Kagame wa Rwanda alijenga mpango wake wa 1956 juu ya umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu, mizizi ambayo msemaji wa mtu, kitu na mahali anaitambua bila kamusi. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwahoji wazee wenye hekima ili kuonyesha kwamba kuna wanaofikiri kwa uhakiki, zaidi ya kurithi methali. Wote watatu wamekosolewa vikali, na hilo ndilo linalowafanya wafae kwa insha: tayari kuna hoja na pingamizi mezani.

Mjadala wa wiki

Kwa kawaida unatakiwa kuweka mchango wako kufikia Jumatano au Alhamisi, wa maneno 200 hadi 300, na kuwajibu wenzako wawili kufikia Jumapili. Kozi nyingi hazikuonyeshi michango ya wengine hadi uweke wako. Andika kwenye faili pembeni kisha unakili. Ukurasa ukikutoa nje baada ya dakika arobaini, maneno yako yanakwenda nayo.

Sisi tumelelewa kuanza na shukrani. Kwenye jibu la maneno 100 kwa mwenzako, "asante kwa mchango wako mzuri, nakubaliana nawe kabisa" imekula sehemu ya jibu na haina alama. Sentensi moja ya heshima inatosha, kisha ushike dai: "Unasema katika aya ya pili kwamba ndoto haitofautiki na kuwa macho. Descartes anahitaji dai dogo kuliko hilo: kwamba kwa wakati huu hakuna alama ya uhakika ya kuvitofautisha. Ukitumia dai dogo, je, pingamizi lako la mwisho bado lina nguvu?" Jibu la namna hiyo halimkosei mtu adabu. Kumpinga mhadhiri pia kunaruhusiwa na hulipwa alama, mradi unapinga dai namba fulani na unatoa sababu. Ukimwandikia barua pepe, anza kwa Professor na jina la ukoo, weka namba ya kozi kwenye kichwa cha barua, na uulize jambo moja.

Insha ya maneno 1,000

Gawanya hivi: maneno 80 ya kufungua yenye dai lako kuu, 350 ya kuieleza hoja ya mwanafalsafa, 250 ya pingamizi lako, 250 ya jibu ambalo yeye angelitoa na uamuzi wako juu ya jibu hilo, na 70 za kufunga. Wengi hutumia 800 kwenye kueleza, wakabanwa mwishoni na pingamizi la mistari mitatu. Hapo ndipo "umesimulia" inapotokea.

Dai kuu liwe kitu ambacho mtu mwenye akili timamu anaweza kukikataa. Mchukue Peter Singer, mwanafalsafa anayesema kwamba kama tunawajibika kumwokoa mtoto anayezama mbele yetu, tunawajibika pia kuwasaidia maskini walio mbali. "Insha hii itajadili maoni ya Singer kuhusu umaskini" si dai. "Mfano wa Singer wa mtoto anayezama unatushawishi kwa sababu mwokozi yuko peke yake, na kwa hiyo hauwezi kubeba wajibu tunaoushiriki mamilioni" ni dai. Lakini kabla ya kulipeleka, rudi kwenye makala yake ya 1972: Singer amelitabiri pingamizi la idadi ya watu na kulijibu humo humo. Pingamizi ambalo mwandishi amekwisha kulijibu si kosa kulitumia. Kosa ni kujifanya hakulijibu. Anzia kwenye jibu lake, uoneshe linaposhindwa.

Usifungue kwa "tangu enzi za kale binadamu amejiuliza". Usifungue kwa kamusi. Nukuu isizidi mistari miwili, na baada ya kila nukuu eleza kwa maneno yako. Namba za kunukulia si za ukurasa wa PDF yako: Plato hunukuliwa kwa namba na herufi za chapa ya Stephanus ya 1578, kama 10a, Aristotle kwa namba za Bekker, kama 1094a, Kant kwa juzuu na ukurasa wa chapa ya Akademie, kama 4:421. Namba hizo ni zile zile katika kila tafsiri inayoziweka, kwa hiyo mhadhiri anafika kwenye mstari kwa sekunde kumi. Hapo pia ndipo programu za akili mnemba huwaumbua watu, kwani hubuni nukuu na namba kwa ujasiri mkubwa. Sera ya kutumia programu hizo iko kwenye silabasi na hutofautiana kwa kila mhadhiri, isome. Andika kwenye hati inayohifadhi historia ya mabadiliko, ili ukishukiwa uwe na rasimu za kuonyesha.

Kupanga kwa Kiswahili ni sawa. Kuandika insha nzima kwa Kiswahili kisha kuipitisha kwenye kifaa cha kutafsiri si sawa: vyuo vingine vinalihesabu kama msaada usioruhusiwa, na "hoja", "dai" na "madai" zinaweza kurudi zikiwa neno moja. Toka kwenye mpango wenye namba moja kwa moja hadi sentensi fupi za Kiingereza. Ufupi haupunguzi alama.

Mtihani wa mwisho

Ukiwa na kivinjari cha kufunga kama LockDown Browser, fahamu kwamba hakifanyi kazi kwenye simu. Tafuta kompyuta wiki moja kabla, fanya jaribio la mazoezi kwenye mashine ile ile na kwenye intaneti ile ile. Kama mtihani una kamera, utaombwa kuonyesha meza na chumba. Waambie wa nyumbani wasiingie, maana mtoto akipita nyuma yako anaandikwa kama tukio. Mtandao ukikatika, piga picha ya saa na ujumbe wa kosa kwa simu, umwandikie mhadhiri ndani ya dakika chache hizo hizo.

Maswali ya kuchagua hupenda kuuliza nani angekataa dai lipi, kwa hiyo jifunze kwa zile karatasi za hoja zenye namba, karatasi moja kwa mwanafalsafa. Kwa swali la insha la dakika 30, tumia 5 kupanga madai kwenye karatasi tupu, 20 kuandika, 5 kusoma ulichoandika. Karatasi hiyo, kama inaruhusiwa, ionyeshe kwenye kamera pande zote mbili kabla ya kubofya kuanza.